Kumtafuta babu kwenye makaratasi ya mkoloni: fuata kazi zake kwanza, ndoa baadaye

Kwenye matanga ya baba yetu, Tukuyu, alisimama mzee mmoja aliyetoka Chunya. Akavua kofia, akasema yeye ni mtoto wa kaka mkubwa wa marehemu. Sisi tulikua tukijua baba ndiye kifungua mimba wa babu. Wazee wakainama. Hakuna aliyemkana, hakuna aliyemkaribisha. Shangazi peke yake ndiye aliyenyanyuka, akampa kigoda na sahani ya ndizi, na maneno yakaishia hapo.

Tangu siku hiyo, miaka minne sasa, nafuatilia nyayo za babu: alifanya kazi gani, wapi, chini ya nani, na wanawake wangapi walimwita mume. Nawaandikia wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wenye swali kama hilo nyumbani kwao. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba kazi ndiyo inayokupa miaka, na ng'ombe ndio wanaokupa ndoa. Ukianza kuulizia ndoa, milango itafungwa. Ukianza na kazi, ndoa zitajitokeza zenyewe pembeni mwa karatasi.

Hatua ya 1: Waulize wazee habari za kazi

Mzee anaweza kuchukia ukimuuliza babu alikuwa na wake wangapi, lakini hachoki kukusimulia jinsi babu alivyorudi likizo na baiskeli. Mimi nilikosea hapa mwanzoni kabisa. Siku ya kuanua matanga, mbele ya watu, nilimuuliza shangazi habari za mwanamke wa Chunya. Alininyamazia karibu mwaka mzima, na alikuwa na haki. Nilimtia aibu mama yake mbele ya wageni.

Uliza hivi: Aliondoka nyumbani akiwa kijana au tayari ana mji wake? Alikwenda kwa miguu au kwa lori? Nani alimtafutia kazi? Alirudi amevaa nini, amebeba nini? Bwana wake alimwitaje? Kisha nyamaza usikilize, na simu iwe inarekodi mezani kwa ridhaa yake. Mwache aseme kwa lugha yake, Kinyakyusa, Kihehe, Kibena, Kikinga au Kisafwa. Shangazi akiongea Kiswahili hunipa muhtasari. Akirudi kwenye Kinyakyusa hunipa rangi ya koti.

Shika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, kwa kuwa neno moja linaweza kukupa enzi nzima. Ukisikia babu alikuwa "ombasha" au "shaushi", yaelekea uko kwenye jeshi la Mjerumani. Vyeo hivyo vyenye asili ya Kituruki vilikuja na askari wa Kisudani walioajiriwa Misri. Ukisikia "koplo", "sajini" au "Keya", umeshaingia kwa Mwingereza, kwenye King's African Rifles. "Kariakoo" wakati wa vita ni wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi. "Manamba" ni mashamba ya mkonge, Tanga au Morogoro. "Kipande" ni ile kadi ya kibarua iliyotiwa alama kila siku ya kazi hadi zitimie thelathini, na ndiyo maana miezi ya kibarua haifanani na miezi ya kalenda. "Bwana Shauri" ni afisa wa wilaya wa bomani. Akida alikuwa mtu wa Mjerumani zaidi. Kuanzia 1926, Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu, utaanza kusikia zaidi habari za karani wa baraza na askari wa chifu.

Miaka usiidai moja kwa moja. Wazee wengi wa kizazi kile hawakuandikiwa siku ya kuzaliwa, na umri uliopo kwenye karatasi za bomani mara nyingi ulikadiriwa na afisa kwa kumtazama mtu usoni. Tafuta matukio. Upande wa Mbeya na Rukwa kuna tetemeko kubwa la Desemba 1910. Iringa kuna kifo cha Mkwawa, 1898, na kurudi kwa fuvu lake Kalenga, 1954. Majimaji ni 1905 hadi 1907. Halafu kuna vita ya Mjerumani na Mwingereza, mafua yaliyoua watu vita ilipokuwa inaisha, nzige wa miaka ya mwanzo ya 1930, na Uhuru. Mtu atakwambia, "Babu yako alirudi, mimi nimebeba mtoto wa pili mgongoni, na nzige wamekwisha." Huo ni mwaka, na unaweza kuufanyia hesabu.

Hatua ya 2: Fungua sanduku

Karibu kila nyumba ya mtu aliyefanya kazi kwa Mzungu ina sanduku. La babu lilikuwa la bati, limepakwa kijani, kufuli imeliwa na kutu. Ndani mlikuwa na kitabu cha nyimbo kisicho na jalada, risiti sita za kodi zilizokunjwa mara nne, bahasha tupu, na karatasi moja ndefu yenye mistari iliyogongwa mhuri mara kwa mara. Hiyo karatasi ndefu nitairudia.

Kabla ya kusoma chochote, piga picha kila karatasi pande zote mbili, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Usinyooshe kwa nguvu mkunjo mkavu. Usibandike selotepu wala usiipige plastiki ukidhani unaihifadhi. Weka kila kitu kwenye bahasha safi za karatasi, na uandike kwa penseli kilikuwa juu ya nini na chini ya nini, kwa sababu mpangilio wa sanduku nao ni ushahidi.

Bahasha tupu usiitupe. Ile ya babu haikuwa na barua, wala tarehe ya mhuri haikusomeka, lakini stempu ilikuwa na uso wa mfalme asiye na ndevu. Mfalme mwenye ndevu ni George V, aliyefariki Januari 1936. Asiye na ndevu ni mwanawe, George VI, ambaye stempu zake zilianza kutumika huku 1938 na aliyefariki 1952. Ukiona malkia, ni baada ya hapo. Stempu ya kichwa cha twiga yenye neno Tanganyika ni ya kuanzia 1922, na zenye majina matatu, Kenya, Uganda na Tanganyika, zilianza 1935. Herufi G.E.A. zilizogongwa juu ya stempu ni za wakati Waingereza wameshaingia lakini stempu zenye jina jipya la nchi hazijatoka. Kwa hiyo bahasha ile, bila neno hata moja ndani, iliniambia kwamba mtu alimwandikia babu mwaka 1938 au baada yake, naye akaona inafaa kuitunza.

Fedha nazo husema. Karatasi yenye rupia na heller ni ya Mjerumani. Rupia peke yake inaweza kufika hadi mwanzo wa Mwingereza, maana shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921.

Risiti za kodi zisome kwa uangalifu zaidi. Mjerumani alianzisha kodi ya nyumba mwishoni mwa miaka ya 1890, na Mwingereza akaiendeleza pamoja na kodi ya kichwa. Kwa kuwa kila mke alikuwa na nyumba yake, mwenye wake wawili alidaiwa nyumba mbili. Risiti ya babu ya mwaka mmoja ilikuwa na nyumba mbili, mwaka ambao sisi tulijua ana mke mmoja tu. Usirukie hitimisho hapo. Nyumba ya pili inaweza kuwa ya mama yake mjane. Andika tu: nyumba mbili, mwaka fulani, aliyelipa fulani.

Kama kuna medali, itazame ukingoni kwa mwanga wa pembeni. Medali ya Uingereza ya vita ya 1914 hadi 1918 huchorwa ukingoni jina, namba na kikosi cha aliyepewa. Zile nyota za vita ya pili kwa kawaida hazina jina, kwa hiyo hazithibitishi kwamba mvaaji ndiye babu yako.

Hatua ya 3: Chora mstari wa miaka, uache mapengo wazi

Chukua karatasi yenye miraba, miaka upande wa kushoto, mwaka mmoja mstari mmoja. Andika kwa wino kilicho na karatasi, kwa penseli kilichosemwa. Usijaze pengo kwa kubuni. Mapengo ndiyo yatakayokwambia pa kwenda. Pengo la babu lilikuwa kati ya kuacha shule ya misheni na kuingia jeshini, kama miaka saba, na jibu lake lilikuwa Lupa, kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya.

Angalia pia majina ya mahali. Tukuyu kwa Mjerumani iliitwa Neu-Langenburg, na Wanyakyusa aliwaita Wakonde. Kyela ilikuwa ndani ya Rungwe. Njombe haikuwa mkoa hadi 2012, na Songwe hadi 2016. Jalada la mtu wa Mbozi la zama zile utalikuta Mbeya, na "Alt-Iringa" kwenye ramani ya Kijerumani ni Kalenga, wala siyo mji wa leo.

Hatua ya 4: Andika majina yake yote

Babu yangu alikuwa na majina manne, na kila ofisi ilimjua kwa moja. Alikuwa na jina la kuzaliwa. Alipobatizwa alipata jingine. Wakristo wengi wa Unyakyusa walichukua majina ya maana kwa lugha yao wenyewe, kama Ambakisye au Tusajigwe, na wengine wakachukua Yohana na Petro. Kazini alipewa la tatu na watu waliolitamka watakavyo. Nyumbani aliitwa baba fulani. Ukoo nao, ule unaoanza na Mwa-, unaweza kuwa wa baba yake au wa babu yake, kutegemea karani alimuuliza vipi.

Mjerumani aliandika kwa masikio yake: "j" badala ya "y" yetu, "sch" badala ya "sh", na "Mua" badala ya "Mwa". Mwingereza alibadilishana "l" na "r" bila kujali. Tengeneza orodha ya tahajia zote kabla hujagusa jalada lolote. Kule Uheheni uliza pia mwiko wa ukoo. Majina mawili yanayofanana yakiwa na miiko tofauti, umekuta watu wawili.

Hatua ya 5: Nenda kwa aliyemlipa

Hapa ndipo kazi inapogawanyika. Kila mwajiri alikuwa na karatasi zake, na hazipo mahali pamoja.

Kama alikuwa mtu wa boma, yaani karani, tarishi, mkalimani, dresa au polisi, lengo lako ni Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Kuna majalada ya Sekretarieti, yaani ofisi kuu ya serikali ya mkoloni, ya majimbo na ya wilaya, pamoja na yale ya Mjerumani. Kwa sheria ya 2002 majalada hufunguliwa kwa umma baada ya miaka thelathini. Piga simu kabla ya kusafiri, nenda na kitambulisho na barua inayoeleza unachotafuta, na uombe kwa jina la wilaya na mwaka. Ukiomba kwa jina la babu utarudi mikono mitupu. Omba pia kuona Kitabu cha Wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika koo za machifu na desturi za mahali. Humo mara nyingi utakuta mahari ya kawaida ya miaka ile ilikuwa kiasi gani, na hilo utalihitaji baadaye. Magazeti ya Mambo Leo, yaliyochapwa na serikali kwa Kiswahili kuanzia 1923, nayo yapitie, kwa sababu makarani na walimu walipenda kuyaandikia barua.

Kama alikuwa mwalimu au mwinjilisti, nenda kwa misheni yake. Wamoravian walifika Rungwe 1891, na mwaka huohuo Wamisheni wa Berlin wakaingia Unyakyusa, kisha wakapanda Ukinga, Ubena na Uhehe. Warithi wao leo ni majimbo ya Moravian na dayosisi za KKKT. Anza na kitabu cha ushirika cha mtaa wenyewe kabla ya kufikiria Ulaya. Wamisionari Wajerumani waliondolewa wakati wa vita, na Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakaushika usharika hadi katikati ya miaka ya 1920. Ukikuta kitabu kimekatika 1916 na kuanza tena 1925 hivi, usidhani babu alipotea. Aliyekuwa akiandika ndiye aliyebadilika, na barua za Waskoti ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Za Wamoravian ziko Herrnhut, Ujerumani. Picha nyingi za Rungwe za wakati ule zinaonekana bure mtandaoni kwenye mkusanyiko wa picha za kimisheni wa Chuo Kikuu cha Southern California, na nyingine zina maelezo yenye majina ya waliopigwa. Mwandiko wa kale wa Kijerumani usikukatishe tamaa. Piga picha ukurasa, na programu kama Transkribus zitakupa mwanzo.

Iringa upande wa Wakatoliki, Tosamaganga ilianzwa na Wabenediktini, na baada ya vita ikashikwa na Wakonsolata. Vitabu vya Kikatoliki vina faida ya pekee kwenye ndoa, tutafika huko. Malangali, shule ya serikali iliyofunguliwa 1928, iulize kama babu alisoma pamoja na watoto wa machifu.

Kama alikuwa askari wa vita ya pili, uliza alipigania wapi. "Madagaska" ni 1942, "Bama", yaani Burma, ni 1944 na kuendelea. Cheti cha kuachishwa jeshi ndicho chenye namba, na bila namba utahangaika. Wapagazi wa vita ya kwanza wana habari ya kusikitisha: wengi walikufa bila majina yao kuandikwa popote, na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hivyo kwenye ripoti ya 2021. Kwa hao, simulizi ya nyumbani ndiyo nyaraka.

Migodini kuna njia mbili. Ya kwanza ni Lupa, Chunya, ambako dhahabu ya miaka ya 1920 na 1930 ilivuta maelfu ya vibarua kutoka Unyakyusa, Usafwa na Uheheni. Wachimbaji wengi walikuwa watu binafsi wenye vishamba vyao vya dhahabu, na karatasi zao zilikufa nao, kwa hiyo tafuta zaidi majalada ya bomani na ya mahakama. Ya pili ni kusini: migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, au Johannesburg kwa kupitia Wenela, chama kilichoajiri watu huku kwetu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyaraka za Wenela, ambayo baadaye iliitwa TEBA, zinatunzwa Chuo Kikuu cha Johannesburg.

Hatua ya 6: Sasa ziulize ndoa

Hapa kwenda taratibu ni lazima, kwa sababu neno "mke" lilikuwa na wapimaji watatu. Mila ilipima kwa mahari. Kanisa lilipima kwa kitabu. Boma lilipima kwa kodi na kesi. Mwanamke mmoja anaweza kuwa mke kamili kwa mpimaji mmoja, na kwa mwingine asionekane kabisa. Usitafute cheti cha serikali halafu usipokiona useme hapakuwa na ndoa. Mkoloni hakuwalazimisha Waafrika kusajili vizazi wala vifo vyao, na ndoa za mila hazikuwa na kitabu. Wala usichukue Sheria ya Ndoa ya 1971, yenye ile dhana ya ndoa kwa waliokaa pamoja miaka miwili, ukaitumia kuhukumu nyumba ya 1939.

Anza na ng'ombe. Nilipomrudia shangazi, baada ya kumwomba radhi na kumpelekea sukari na kitenge, sikumuuliza tena juu ya mwanamke yeyote. Nilimwomba anihesabie ng'ombe wa babu. Akafumba macho, akawataja mmoja mmoja kwa rangi: yule mwekundu mwenye paji jeupe, yule mweusi aliyevunjika pembe, yule wa madoa aliyetoka kwa mjomba. Kila mmoja akasema alikotoka na alikokwenda. Alipofika kwa ndama wawili wa yule mwekundu akasema, "Hao walipelekwa Usafwani." Nikauliza kwa upole, walirudi? Akafumbua macho. "Hawakurudi."

Swali hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kwa mila zetu ndoa hufungwa na mahari na huvunjwa kwa kurudisha mahari. Ng'ombe wakirudi, ndoa imekufa. Wasiporudi, ndoa ingalipo hata kama mume na mke hawajaonana miaka ishirini, na watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Lakini kuwa mwangalifu: si kila ng'ombe ni wa mahari. Ng'ombe mmoja anaweza kuwa faini ya ugoni, au malipo ya kumpa mimba binti wa watu, au deni. Uliza nani alimpeleka, nani alimpokea, palikuwa na mshenga, palikuwa na pombe na wazazi wa pande zote? Faini haina sherehe. Na ulizia kwa waliopokea pia. Waliotoa ng'ombe hukumbuka idadi, waliopokea hukumbuka sababu.

Kisha kanisa. Watu hufungua kitabu cha ndoa, wasipomwona babu hufunga. Fungua na kitabu cha nidhamu, au kumbukumbu za baraza la wazee. Mkristo aliyechukua mke wa pili alitengwa, akafungiwa meza ya Bwana, na sababu ikaandikwa. Ndoa ambayo kanisa halikuitambua iliandikwa na kanisa hilohilo, kwenye ukurasa wa adhabu. Nilimkuta babu hapo: mwaka, jina lake la ubatizo, na maneno machache kwamba anaishi na mwanamke Lupa. Miaka minane baadaye kuna mstari mwingine, amerudishwa, na mwezi uleule amefunga ndoa na bibi yetu. Omba ruhusa ya mchungaji, na soma mbele yake, kwa sababu kurasa hizo zina aibu za familia nyingine pia.

Kwa Wakatoliki tazama ukingo wa kitabu cha ubatizo. Kanuni ya kanisa inataka ndoa iandikwe kando ya mstari wa ubatizo wa mhusika, hata kama imefungwa parokia nyingine. Kwa hiyo aliyebatizwa Tosamaganga akaoa mbali, parokia aliyobatizwa inaweza kuwa na habari. Majina ni ya Kilatini: Joannes ni Yohana, Josephus ni Yosefu.

Mahakama za wenyeji, mabaraza ya machifu, zilijaa kesi za ng'ombe na wake. Baada ya Uhuru kazi zao zilihamia mahakama za mwanzo. Vitabu vingi vimeliwa na mchwa, lakini rufaa zilipanda kwa bwana shauri, na hizo zinaweza kuwa ndani ya majalada ya wilaya, Upanga.

Sasa ile karatasi ndefu. Askari wa vita ya pili aliweza kuacha sehemu ya mshahara wake ilipwe kwa mtu aliyemtaja nyumbani. Wengine walimtaja baba au kaka, wengine wakamtaja mke. Karatasi ya babu ina malipo ya mwezi baada ya mwezi, mhuri ni wa Chunya, na mahali pa mpokeaji pana jina la mwanamke tusiyemjua na alama ya dole gumba, wino umefifia lakini mistari ya kidole bado inaonekana. Mtu aliye vitani, asiyejua kama atarudi, aliulizwa fedha zake apewe nani, akamtaja huyo. Ningekuwa na karatasi hiyo peke yake ningesema ni dalili tu. Ikiwekwa pamoja na nyumba mbili za kodi, ndama wawili wasiorudi na ukurasa wa adhabu, kwangu mimi inatosha.

Hatua ya 7: Andika unachojua kwa kiasi unachokijua

Kwenye mti wa ukoo mimi natumia mistari mitatu: mzito kwa ndoa yenye mahari au cheti, wa nukta kwa ndoa yenye dalili mbili au zaidi zisizotegemeana, na alama ya kuuliza kwa simulizi ya mtu mmoja. Chini ya kila mstari naandika nimeipata wapi. Simulizi mbili kutoka kwa ndugu waliolelewa jiko moja nahesabu moja. Usiandike "hawara" wala "mke wa kambini", hata kama ndivyo ulivyosimuliwa. Andika jina la mwanamke kwanza, kisha aliyekaa naye, mahali na miaka. Mjane aliyerithiwa mwandike na waume wote wawili, wa kwanza na aliyemrithi, maana watoto wake wanaweza kuwa na jina la mmoja na damu ya mwingine.

Kabla ya kusambaza chochote kwenye kundi la ukoo, kaa na wanaoguswa, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Kama kuna shamba au mirathi inayogombewa, sema wazi kwamba unatafuta nasaba, na masuala ya mali waachie wazee wa ukoo na mahakama. Watu watakuuliza ni nani amekutuma. Uwe na jibu la kweli.

Mwezi wa nane uliopita nilipanda basi kwenda Chunya na nakala ya daftari. Yule mzee wa matanga alinipokea mlangoni, akaniita mwanangu. Nilimsomea jina lililopo kwenye karatasi ya malipo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaingia ndani, akatoka na picha ya mwanamke ameketi kwenye kiti cha studio, ameshika bahasha mapajani, na nyuma ya picha, kwa penseli, mwandiko wa babu ambao sasa naujua vizuri kuliko wangu.